Kijidudu Ng'ang'ana Kibofuni mwa Kungwi

Ngano ninayo!
Itoe tuione.
Nikiizidisha chumvi?
Tutaila hivyohivyo.

Hapo kale, kale ya kale, Bi Fisi alikuwa kungwi wa mwali Swala. Kungwi wa kule hatoki chumbani siku saba, na siku ya saba ndiye anayefungua ngoma. Bi Fisi aliapa atacheza mpaka vumbi liombe radhi. Basi ili asitoketoke, maji hanywi, mkojo anaubana.

Kibofuni mwake akahamia kijidudu Ng'ang'ana. Mdogo, hata chawa angemkanyaga asijue. Lakini mdomo wake sasa!

Siku ya kwanza mkojo ulikuja kumsomba. Akatoa vikulabu, akashika ukuta. Mkojo ukapita, kijito tu. "Hayo ndiyo mafuriko yenu?" akauliza.

Siku ya pili wakaja askari weupe wa mwili, kazi yao kumeza wageni. Ng'ang'ana akajinyoosha mrefu kama kamba. Wakajaribu huku, wakajaribu kule, midomo haikutosha.

Siku ya tatu Bi Fisi aliungua kila akikojoa, hadi akalia. Mganga Nungunungu akaitwa chumbani, akampa dawa ya siku saba, akamwambia anywe maji na asibane. Dawa ikaingia, ndugu zake Ng'ang'ana wakafa chali. Yeye akapenya ndani ya ukuta wenyewe, akajifunika, kimya. Askari wakatangaza ushindi. Mkubwa wao akajivika nishani.

Siku ya sita maumivu yakaisha. Bi Fisi akaitupa dawa uvunguni.

"Somo, si uliambiwa siku saba?" Swala akamwuliza.

"Mwanangu, mimi nameza mifupa. Nitashindwa na mdudu?"

Siku ya ngoma Ng'ang'ana akatoka ukutani na watoto elfu. Bi Fisi akaingia uwanjani, akabana mapaja, akakimbilia kichakani. Akarudi, akakimbia tena. Mara ya tatu wageni wote walimfuata, wamebana mapaja, wanaruka. Walidhani ni mtindo mpya.

Kwa aibu ile, Bi Fisi alimwendea Nungunungu mwenyewe. Safari hii alimaliza dawa, na maji akanywa mtungi kwa mtungi. Ng'ang'ana alikuwa juu ya ukuta, ameachia vikulabu ili ajipige kifua na kujisifu vizuri. Mto ukaja, mto kwelikweli, ukamsomba. Hakumaliza hata sentensi.

Funzo ni hili: adui aliyenyamaza hajaondoka, na dawa humalizwa. Wewe unayecheka hapo, yako umeitupa wapi?

Ngano nimeitua hapa. Mwenye nguvu aibebe.