Kwa Nini Mshenga Hutafuta Kuku

Kaeni vizuri, na mikono iendelee na kazi. Maharage hayajichambui yenyewe, na wageni wa dada yenu Mbonea watafika wakati wowote. Nimewasikia tangu asubuhi mkikariri: tashbihi, sitiari, tasfida. Mnayameza majina hayo mazimamazima bila kutafuna. Nimemuuliza Tumsifu sitiari ni nini, akanitolea maana ya kitabuni bila kupumua. Nikamuuliza tena, inamfaa nini mtu? Akakodoa macho. Haya basi, mwalimu wenu amewapa majina, na mimi bibi yenu nitawapa kisa. Atakayesinzia nitamtuma kuni.

Zamani hizo milima yetu hii ya Upare ilikuwa palepale, na makande yetu ya mahindi na maharage yalikuwa yaleyale, lakini maneno yalikuwa yakitembea bila nguo. Jambo lilisemwa lilivyo, liwe chungu, liwe tamu. Mgeni aliyechelewa kuondoka aliambiwa, "Chakula kimekwisha na tumekuchoka." Aliyepika ugali mbichi aliambiwa hapohapo, mbele ya mama mkwe wake. Watu wakajisifu kuwa wanasema kweli. Na kweli ni nzuri, sikatai, lakini hata muhogo tunaumenya kabla ya kumpa mtu.

Balaa lenyewe lilikuwa kwenye posa. Kijana akitaka kuoa, baba yake alikwenda kusimama uani kwa watu, akatangaza kwa sauti: "Mwanangu anamtaka binti yenu." Na baba wa binti alitakiwa kujibu papo hapo, majirani wote wakisikiliza: ndiyo au hapana. Akisema hapana, alitaja na sababu. Ndivyo ilivyokuwa desturi, na hakuna aliyejua nyingine.

Sasa kulikuwa na vijiji viwili, kimoja juu ya mlima na kimoja chini. Cha juu ndicho kilichokuwa na ndiva, lile bwawa la kukusanyia maji, na kutoka hapo mfereji uliteremka mpaka kwenye mashamba ya watu wa chini. Mlango wa ndiva ulifunguliwa kila alfajiri. Siku moja mzee mmoja wa juu alishuka kumposea mwanawe. Akajibiwa mbele ya umati, "Hapana. Mwanao mvivu, na miguu yake imepinda." Lo! Mzee wa watu alipanda mlima na aibu yake, akauziba mfereji. Mahindi ya chini yakakauka yakiwa na mbelewele. Mwaka huo watu walikula mizizi ya porini, na watoto walionyonya walikosa maziwa. Maji yalifunguliwa baadaye, lakini ikabaki kuwa sheria: mzee wa juu akikataliwa chini, huziba maji. Asipoziba, wenzake watamwona hana haya.

Mnaona mtego huo? Kuanzia hapo hakuna wa juu aliyethubutu kuposa chini. Watu wakaoana wenyewe kwa wenyewe, na wakikutana sokoni wanatazamana kama mbuzi na chui.

Lakini moyo haujui juu wala chini. Kulikuwa na kijana wa juu akiitwa Kiangi, mtoto wa Mzee Mchome, na Mchome ndiye aliyeshika mlango wa ndiva. Kiangi alikuwa akishuka kusafisha mfereji, na huko akamwona Nakunda, binti wa Mzee Sekiete wa kijiji cha chini. Akaanza kusafisha mfereji hata usio na jani. Nakunda naye akaanza kuteka maji hata mtungi ukiwa umejaa. Wakapendana, basi. Kiangi akamwambia baba yake. Mzee Mchome akashika kichwa.

"Mwanangu, Sekiete akinikataa itanibidi nizibe maji. Nitawaua watu kwa njaa kwa sababu yako. Sishuki."

Kiangi akaacha kula. Na huko chini Nakunda akawa analia jikoni, akisingizia moshi.

Kiangi alikuwa na shangazi, Nasemba, dada yake Mchome. Mwanamke huyo alikuwa na mdomo mpana na mguu mwepesi, na hakuna nyumba asiyoijua ilivyo ndani. Aliposikia habari hiyo alikaa kitako kuwaza. Alikuwa anakumbuka kuku wake. Msimu uliopita alipoteza kuku, akamtafuta nyumba kwa nyumba, hadi kule chini kwa watu wasiosalimiana nao. Kila nyumba walimwambia, "Shangazi, hapa hajaja." Na hakuna aliyemkasirisha! Wengine walimpa hata uji anywe kabla hajaendelea. Akajiambia, kumbe mtu anaweza kuambiwa hapana mchana kutwa na akarudi nyumbani anaimba, mradi ameambiwa hapana ya kuku.

Kesho yake akajifunga khanga, akashuka.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu," akajibu Mzee Sekiete. Alipomwona ni mtu wa juu, uso ukamkunjamana. Majirani nao wakaanza kusogea uani, maana udaku haukuanza leo.

Nasemba akakaa, akapokea maji, akasema kwa utulivu, "Baba, sisi kule juu tuna jogoo wetu. Amekua, anawika vizuri, lakini boma limempwaya, yuko peke yake. Tumesikia hapa kwenu kuna tetea mzuri. Ndiyo nimekuja kuuliza."

Sasa Mzee Sekiete alikuwa mtu wa zama zake. Ukimwambia kuku, ni kuku. Akainuka, akaenda bandani, tukasikia, nisemeje, wakasikia makelele na mabawa, akarudi na kuku mweupe amemshika miguu, akamwekea Nasemba mapajani. "Huyu hapa. Anataga vizuri. Mchukue."

Ee Mungu wangu! Nasemba na maneno yake yote alibaki amekumbatia kuku. Amrudishe, atasemaje? Aondoke naye, Kiangi ataoa manyoya?

Aliyemwokoa ni mama yake Nakunda. Alikuwa amesimama mlangoni akimtazama mgeni, akaona macho yake hayamfuati kuku, yanafuata jikoni alikojificha binti. Maana ikamwingia. Akaja polepole, akamchukua yule kuku, akamrudishia mumewe.

"Baba Nakunda, mfungie huyu. Shangazi hatafuti mwenye manyoya." Kisha akamgeukia Nasemba, na hakuna aliyekuwa amemfundisha, akauliza, "Huyo jogoo wenu, shangazi, kukicha anachakura mwenyewe au anangoja kutupiwa mtama?"

"Anachakura, dada yangu. Ndiye anayesafisha mfereji unaowaletea maji."

"Na akikasirika hadonoi?"

"Hajawahi. Mama yake alimlea kama yai."

Majirani wakaanza kuelewa, mmoja mmoja, wakagusana mbavu kwa viwiko. Mwisho akaelewa na Mzee Sekiete, na alipoelewa alipanda hasira. Binti yake aitwe kuku? Tena na watu wa juu? Akafungua kinywa kusema hapana yake ya siku zote, pamoja na sababu. Mkewe akamtazama. Nanyi mnajua jinsi mke anavyomtazama mume mbele za watu. Mzee akaimeza ile hapana. Akatazama mahindi yake yaliyokuwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele, akakumbuka ule mwaka wa mizizi.

"Shangazi," akasema akitafuta maneno kama mtu anayevuka mto kwa mawe, "tetea wetu... bado hajakomaa manyoya. Hatoki msimu huu."

Nasemba akatabasamu, akanywa uji wake wote. "Basi, baba. Tutapita tena mavuno yakiisha."

Alipofika juu, wazee wote walikuwa wamesikia alikokwenda, wamejaa kwa Mchome, wanamngoja. "Wamekukataa?" Mchome akauliza, na mkono wake tayari umeshika jembe la kuzibia mfereji. Nasemba akakunja uso kama anayeshangaa sana.

"Wamemkataa nani? Mimi nilikwenda kuulizia kuku. Wamesema bado mdogo. Kuku akiwa mdogo ndipo mtu azibe maji?"

Wazee wakatazamana. Hakuna aliyeposa, kwa hiyo hakuna aliyekataliwa. Mchome akaliweka jembe chini, na nadhani hakuna siku aliyoshusha pumzi kama hiyo.

Huko chini hakuna aliyelala vizuri. Alfajiri watu walitoka na kusimama kando ya mfereji, wanawake na watoto, Nakunda akiwa mbele kabisa, khanga ameing'ata. Mfereji ulikuwa mkavu, kama ulivyo kila alfajiri kabla mlango haujafunguliwa. Wakangoja. Kisha wakasikia sauti ya maji ikija kwenye mawe, nayo yakafika, yakawalowesha vidole vya miguu. Nakunda akaangua kilio, safari hii bila kusingizia moshi.

Mzee Sekiete alichuchumaa akaingiza mkono kwenye maji. "Nimewakataa," akamwambia mkewe, "na wameniletea maji. Watu wa namna hii nitawanyimaje mtoto?"

Mavuno yalipoisha Nasemba alirudi. Hata hodi haijaisha mdomoni, Mzee Sekiete alikwisha kutoka nje. "Shangazi, umechelewa!" akasema. "Tetea wetu kakomaa manyoya siku nyingi, anatusumbua tu humu ndani." Watu walicheka mpaka wakapaliwa. Nakunda akaolewa juu, na siku ya harusi mlango wa ndiva uliachwa wazi kutwa nzima.

Basi watu walipoona kuwa neno likivishwa nguo halimuumizi mtu, wakaanza kuvisha na mengine. Wakasema mtoto ametulia kama maji mtungini: hiyo ndiyo tashbihi yenu. Wakaacha lile "kama," wakasema kijana wetu ni jogoo: hiyo sitiari. Wakaacha kutaja jambo zito kwa jina lake, wakasema mzee ametutoka: hiyo tasfida. Mkiulizwa kwenye mtihani inamfaa nini mtu, andikeni kwamba inamwachia mwenzako mlango wa kutokea, na maji yanaendelea kuja.

Na tangu siku hiyo, hata leo, mshenga hasemi ameleta posa. Husema amepotelewa na kitu, au ameona ua bustanini, au kijana wake hana jiko. Na wenye nyumba humjibu kwa lugha hiyohiyo.

Nyamazeni kidogo. Mnamsikia mbwa anavyobweka njiani? Ndio hao wamefika. Mbonea, toka hapo dirishani, utaonekana! Na ninyi wengine nisikilizeni: wakisema wanatafuta kuku, atakayekimbilia bandani leo hali makande.