Pikipiki Iliyoacha Kulia

Wapendwa, asubuhi hii mlipokuwa mkiingia, mimi nilikuwa nimeshakaa hapa mbele, nikazisikia pikipiki zenu. Nyingine zinakuja taratibu. Nyingine unazisikia toka kule darajani, kwii, kwii, kwii, mpaka kwaya wakapoteza sauti. Msicheke. Wenye nazo wanajijua, na wake zao wanaokaa nyuma wanazijua zaidi. Basi kabla hatujaomba mkarudi makwenu, nataka niwape mfano.

Kulikuwa na muuza maziwa mmoja kule milimani. Alikuwa na mke, na binti yao mdogo aitwaye Atupele, na ng'ombe wa maziwa, na pikipiki. Kati ya hao wote aliyependwa zaidi simtaji, jazeni wenyewe. Kila Jumamosi pikipiki iliogeshwa. Tangi lilipigwa kitambaa mpaka unaona meno yako. Jumapili aliiegesha mlangoni pa kanisa, mahali ambapo huwezi kuingia bila kuipita. Siku nyingine alifunga madumu ya maziwa nyuma, akateremka barabara ya mawe hadi sokoni.

Sasa, nyuma ya pikipiki kuna mkono wa chuma unaoshika tairi. Ukikanyaga shimo, mkono ule unapanda na kushuka. Pale unapoungana na fremu imepitishwa bolti ndefu ndani ya bushi, kile kibomba kifupi cha chuma, na bolti ile ndiyo inayokubeba wewe, mkeo na maziwa yako. Lakini haionekani. Ukitaka kuitia grisi, sharti utoe tairi, uichomoe, uifute, uipake, uirudishe. Unaweza kuifanya nyumbani kwako, uani, na spana zako mwenyewe. Ila nani atakusifu? Ukimaliza, pikipiki inaonekana vilevile kama jana.

Ikaanza kulia. Wa kwanza kusikia alikuwa mke, maana yeye ndiye aliyekuwa anakaa juu yake.

"Baba Atupele, pikipiki inalia huku nyuma. Itie grisi."

"Mama Atupele, hiki ni chuma. Chuma kikitembea lazima kiongee."

Siku hizohizo mke alikuwa na jambo lingine. Mama yake alikuwa mgonjwa, ng'ambo ya milima, mahali ambapo gari halifiki. Yule mama alituma salamu: njooni. Hakusema njoo, alisema njooni. Maana kule kwao, na kwetu pia, tusidanganyane, binti akionekana anarudi kwao peke yake na mfuko begani, kabla hajafika mlangoni kijiji kizima kimeshasema ameachika. Mama hakutaka kufa na wasiwasi huo. Alitaka awaone wote wawili, awawekee mikono, aende zake kwa amani.

Mke akasema, "Mwenzangu, twende tukamwone mama."

"Tutaenda, mvua ikikatika."

Mvua ikakatika. "Baba Atupele, mama anatuulizia."

"Tutaenda, huyu ng'ombe akishazaa."

Ng'ombe akazaa. Mke akasema tena, na siku hiyo alisema huku analia. Mume akaja juu: "Wewe kila jioni wimbo ni huohuo! Mtu anatoka kwenye kazi, hata maji hajanywa!"

Mwanamke akanyamaza. Hakuuliza tena.

Na pikipiki je? Watu sokoni walikuwa wameanza kumtania, wanasema huyu bwana amepakia nguruwe. Akaona haya. Akachota grisi kwa kidole, akaipaka kwenye kichwa cha bolti kwa nje, akapaka na mnyororo, akafuta mikono. Jamani, grisi ya nje inafika ndani? Inakamata vumbi tu. Lakini haikuchukua muda, ile kwii kwii ikakoma kabisa. Alifurahi yule bwana! Jioni akakaa uani na kikombe chake cha chai, akasema, "Unaona, Mama Atupele? Siku hizi kumetulia. Pikipiki imetulia, na wewe umetulia. Nyumba ina amani." Mke aliendelea kuchambua maharage.

Ninyi mnaozijua pikipiki, niambieni, ilikuwa imepona? Ilikuwa imekwama. Kutu ilikuwa imeishika bolti na bushi humo ndani, vikawa kitu kimoja. Chuma kinacholia ni kile ambacho bado kinasogea, na hiki kilikuwa kimekata tamaa ya kusogea. Tairi la nyuma likawa halitaki kupanda, kila shimo likampiga mgongoni. Maziwa yakawa yanafika sokoni na mabonge ya siagi juu. Akamlaumu ng'ombe.

Lakini tumpe haki yake. Ilifika Ijumaa moja, moyo wake ukamsuta. Akasema, "Jumapili baada ya ibada twende kwa mama. Kesho naifungua pikipiki niitie grisi inavyotakiwa, maana safari ni ndefu." Mke alimtazama kidogo, akajibu, "Haya."

Jumamosi akatandika gunia uani, akaikalisha pikipiki juu ya matofali, akatoa tairi. Kopo la grisi, jipya, akaliweka kando. Nati ikatoka vizuri. Bolti ikagoma. Akaigonga kwa nyundo, ikagoma. Akaimwagia mafuta ya taa, akagonga kwa hasira, akagonga mpaka ncha ya bolti ikatanuka kama uyoga, na sasa hata kama ingependa kutoka isingepita kwenye tundu lake. Jua likafika utosini. Jasho linamtiririka, pikipiki imelala vipande vipande, grisi haijaguswa.

Hapo mke akatoka ndani. Amejifunga khanga, ana mfuko begani, simu ingali mkononi.

"Ngoja kidogo," mume akasema bila kuinua kichwa. "Inakaribia kutoka."

"Mama amefariki asubuhi hii."

Nyundo ikamponyoka. "Mbona hukuniambia kama hali imekuwa mbaya kiasi hicho?"

"Nilikuambia nilipokuwa nalia, Baba Atupele. Niliponyamaza ukasema ndiyo amani."

Akaondoka kwa miguu. Peke yake, na mfuko begani, katika njia ileile ambayo mama yake hakutaka aonekane akipita hivyo.

Mume akafuata kesho yake kwa pikipiki ya kukodi. Msibani akakaa benchi moja na wakwe zake, macho chini. Shemeji yake akasogea karibu. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa anasimulia tu kama watu wanavyosimulia msibani. Akasema, "Shemeji, mama alikuwa kila akisikia pikipiki inapanda kile kilima, anatuambia, 'Fungueni mlango, ni wao.' Basi tunafungua."  Uji waliomletea yule bwana ukapoa mikononi mwake.

Matanga yalipokwisha, wakarudi. Bolti ile ikakatwa kwa msumeno. Akanunua bolti mpya na bushi mpya, akakaa tena juu ya lile gunia, akapaka grisi kwa uangalifu, humo ndani, mahali pasipoonekana na mtu. Alipaka huku analia, nami simcheki. Akarudisha tairi, akaikalia pikipiki, akaitikisa. Ikapanda na kushuka laini kabisa. Akamwita mkewe.

"Mama Atupele, njoo upande usikie. Hailii hata kidogo."

Mwanamke akaja, akasimama mlangoni, akaitazama. Hakuwa na hasira. Akauliza kwa upole, "Twende wapi?"

Wapendwa, wiki nzima nimelitafutia swali hilo jibu, sijalipata. Inauma. Kazi ilifanywa vizuri, grisi ilikuwa ya kutosha, na hapakuwa tena na mtu wa kuendewa.

Sisi tunaogopa makelele, ndugu zangu. Mke akilalamika tunasema ana mdomo. Mume akilalamika tunasema ana gubu. Mzee wako kijijini anapiga simu kila siku, unaitazama inaita, unasema huyu naye. Halafu siku moja simu haiiti, wiki haiiti, nawe unashusha pumzi! Na hapa usharikani msidhani tumepona. Yuko ndugu yetu aliyekuwa akisimama kila kikao na malalamiko yake. Siku hizi anakaa nyuma kabisa, sadaka anatoa, neno hasemi. Tumesema amekua kiroho. Nani kati yetu alikwenda kwake kumuuliza?

Tunapaka grisi kwa nje. Kitenge cha Krismasi, picha ya harusi ukutani, "Bwana asifiwe" ya mlangoni na meno yote nje. Ndani kumekauka. Huyo anayekulilia bado anakutegemea. Anaamini kwamba ukisikia utafanya kitu. Mungu wetu anasikia kilio cha watu wake na kushuka. Sisi tunasubiri kilio kiishe, halafu tunaita ukimya ule amani.

Kwa hiyo leo nitawapa baraka mapema. Mkitoka, msipange foleni kunisalimia mimi, mimi mmeshaniona. Nenda nyumbani. Unamjua yule aliyeacha kukuuliza jambo. Kaa karibu naye, na safari hii uliza wewe. Akianza kulia, usimnyamazishe, wala usimtafutie kitambaa haraka. Mwache alie, nawe umshukuru Mungu, maana yule mwenzetu wa milimani angetoa pikipiki yake yote akisikie tena kilio kile.