Sauti ya Baba Ina Kiti Kimoja

Tegeni masikio, kisha mnikopeshe akili zenu, maana yangu imegota.

Bi Mkawasi wa Wundanyi alikuwa na watoto watatu, kila mmoja na alichojaliwa. Wakesho alijaliwa sikio: kwaya nzima ikiimba, yeye humtaja aliyekosea. Mwadime alijaliwa kuchagua: kununua viatu humchukua wiki, lakini havimbani. Mwakio, kitinda mimba, alijaliwa mikono.

Marehemu baba yao aliimba besi kanisani. Aliacha gari kuukuu na kanda moja ya kwaya, na redio iliyokuja na gari hilo ndiyo pekee nyumbani iliyoweza kuicheza. Lakini kwaya ilisikika nyembamba, na mzee hakuwemo. Walibadilisha spika mara mbili, wapi! Bi Mkawasi alikuwa ameanza kuisahau sauti ya mumewe, na jambo hilo lilimtisha. Siku moja akawaambia wanawe, "Atakayemrudisha baba yenu, gari hili litamwimbia yeye."

Wakesho akaingia garini na kanga, akawa anafunika spika moja na kusikiliza nyingine. Zote nne zilikosa noti zilezile za chini. Akasema spika nne haziwezi kuugua ugonjwa mmoja. Redio ndiyo inayoipunguza besi kabla haijazifikia.

Mwadime akaenda Mombasa kutafuta prosesa, kijisanduku cha kurekebisha sauti njiani kabla haijafika kwenye spika. Muuzaji akamsifia moja yenye taa za rangi, lakini hiyo ilitaka redio ing'olewe. Na kanda ingechezwa wapi? Siku tatu alirudi duka lilelile, hadi muuzaji akaacha kumsalimia. Mwishowe akachukua moja ndogo, haina hata sura, ila inapokea waya za redio ya zamani na kuijazia besi iliyopunguzwa.

Mwakio akaifunga chini ya kiti. Akaweka maikrofoni pale kichwa cha mtu kinapokaa, kiti kwa kiti, akafungua kompyuta, akapima kutwa nzima, akizichelewesha spika za karibu zizisubiri za mbali. Jioni mzee akaimba mbele yao, na kikohozi chake cha kabla ya beti kikiwemo. Bi Mkawasi alilia kwa furaha, wala hakujificha.

Ndipo Mwakio akasema, "Mama, sauti hufika pamoja kwenye kiti kimoja tu. Viti vingine vitamsikia baba kwa mbali, kachanganyika na wenzake. Nimpangie nani?"

Prosesa ile hushika mpango mmoja tu, haubadilishwi bila kompyuta, na kesho Mwakio anarudi kazini Mombasa na kompyuta yake.

Wakesho, anayekaa mbele kushoto, akasema bila sikio lake wangekuwa bado wananunua spika. Mwadime, dereva, akasema bila yeye redio ingekuwa jalalani na kanda ingebaki bubu. Mwakio, wa nyuma, akasema prosesa bila fundi ni tofali. Wote walisema kweli.

Ahadi ni deni, naye Bi Mkawasi aliitoa kwa kinywa chake. Ila goti lake halimruhusu kukaa mbele; hukaa nyuma kulia, na alipoahidi hakujihesabu. Miaka thelathini na minane alilala kando ya sauti ile.

Mwakio ameweka kidole kwenye kompyuta, anasubiri. Haya, wenzangu mlionisikiliza: ungekuwa wewe Bi Mkawasi, ungemwambia apange kiti kipi?