Zao la Aliyelisha

Mzee Lugenge alikuwa na ng'ombe arobaini, ila haya hakuwa nayo hata chembe. Kiangazi kizima aliwafungulia, wakala mabua ya mahindi shambani kwa jirani yake Sikitu, na Sikitu akaambulia samadi tu.

Sikitu hakugomba. Alipanda vitunguu vya kuzalisha mbegu. Nusu ya shamba aliweka ile samadi na mbolea kidogo ya dukani, nusu nyingine akamwaga mbolea ya urea peke yake. Upande wa urea ulijaa majani, maua ya kutafuta kwa tochi. Upande wa samadi ulitoa vichwa vya maua vikubwa kama ngumi, vikakauka vimejaa mbegu nyeusi.

Lugenge akaja na magunia, pamoja na mwenyekiti wa kijiji.

"Samadi imetoka kwa ng'ombe wangu," alisema. "Mbegu za upande huu ni zangu. Wewe baki na majani yako."

"Shikamoo kwanza, mzee," alisema Sikitu. "Kwa hiyo zao ni la aliyelisha?"

"La nani mwingine?"

"Hata kama kilicholishwa ni mali ya mtu mwingine?"

"Hata kama. Mwenyekiti, andika."

Mwenyekiti akaandika, Lugenge akatia saini. Sikitu akaingia ndani, akatoka na ndoo mbili, akashika njia ya zizini kwa Lugenge.

"Unakwenda wapi, wewe mama?"

"Kukamua. Ng'ombe wako niliwalisha mimi kiangazi kizima. Samadi yangu nimeshaitumia, sasa nafuata maziwa."