Kiungo Kilichobaki Wazi

Kama una ndugu ambaye salamu zenu zinapitia kwa watoto, soma hii mpaka mwisho, halafu ndiyo uirushe kwenye grupu la familia.

Upande wa Tukuyu, milimani, ambako ardhi haikosi kutikisika, aliishi Mzee Ambakisye, fundi wa majengo ya zege. Majengo yake hayakumiminwa papo hapo. Nguzo zilitengenezwa kwenye yadi moja, boriti kwenye yadi nyingine, zikishakomaa zinabebwa hadi kiwanjani na kuunganishwa. Nguzo zilikuwa kazi ya mwanawe mkubwa, Ipyana. Boriti zilikuwa za mdogo, Gwakisa.

Hao wawili walikuwa hawaongei. Waligombania nani atoe neno la shukrani kwenye msiba wa mama yao, na tangu hapo kila mtu na kwake. Ipyana akishasimamisha nguzo anaondoka, ndipo Gwakisa anafika na boriti zake. Kazi zao zilisifiwa na watu, na wenyewe walizisifu zaidi.

Wakapewa kujenga bweni la wasichana. Jumamosi moja, boriti zote zilikuwa juu kwa wiki ya tatu, bado zimeegemezwa kwa mirunda, ile miti ya kushikilia jengo kwa muda. Jumatatu wanafunzi walitakiwa kuhamia, na magodoro yalishaletwa.

Lakini Mzee akakataza mirunda kuondolewa. Hakusema kwa nini. Alizunguka jengo, akashika mrunda huu, akaenda kwa ule, akarudi tena. Akiletewa chakula anakisukuma pembeni. Akiambiwa akae, anakaa kidogo, anainuka. Muda wote anawaangalia wanawe, huyu kisha yule, kama anayesubiri kuambiwa kitu.

"Shikamoo Mzee," alisema Mwalimu Tusekile, mkuu wa shule. "Mabinti wanalala darasani, sakafuni. Kuna tatizo gani hapa?"

"Marahaba. Waulize hawa."

"Nguzo zangu hata lori lizigonge, mwalimu," alisema Ipyana.

"Boriti zangu hazina ufa," alisema Gwakisa, akimtazama mwalimu, si kaka yake.

"Basi nendeni mkawalete wake zenu na watoto," Mzee akasema. "Watandike hapa chini, wajilaze. Kisha nitaitoa mirunda mwenyewe."

Hakuna aliyeondoka. Ipyana akainua macho pale boriti inapokutana na nguzo. Gwakisa naye akatazama. Kila kiungo kilikuwa kimezungushiwa mbao za kuzuia zege, kama siku zote.

Mzee akapanda ngazi polepole, akabandua ubao mmoja. Ndani hamkuwa na zege hata kidogo. Nondo za nguzo na nondo za boriti zilikuwa zinatazamana tu, na upepo unapita katikati.

Mwalimu Tusekile akaketi kwenye rundo la magodoro.

"Kwani si wewe unayejaza?" Gwakisa akamuuliza kaka yake. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwa Ipyana tangu msiba.

"Mimi? Miaka yote hii nilijua unajaza wewe."

"Nilikuwa najaza mimi," Mzee akasema. "Mkishaondoka wote. Niliona afadhali kubeba ndoo kuliko kuwasikia mkigombana. Safari hii nilifunga mbao, bega likanigomea. Nikasema nisubiri, mmoja wenu atapanda achungulie. Nimeogopa sana, wanangu."

"Si ungetuambia, baba?"

"Ningewaambia, kila mtu angejaza upande wake."

Mwalimu akaamuru magodoro yarudishwe stoo, wasichana wasubiri mpaka zege likomae. Ipyana akapanda na ndoo, Gwakisa akashika chuma cha kushindilia. Walibishana kuhusu maji kwenye mchanganyiko, wakabishana kuhusu kokoto, lakini walibishana wao kwa wao, wote wameinamia shimo lilelile.

Mzee akawasikiliza kidogo. Kisha, kwa mara ya kwanza siku hiyo, akakaa chini akatulia.

"Kile chakula," akauliza, "bado kipo?"

Funzo: Nguzo imara na boriti imara hazijawa nyumba, kama pale zinapokutana ni patupu. Na wewe mzazi unayeziba kimya kimya pengo lililo kati ya wanao, kumbuka kwamba siku bega lako likichoka, watakaokuwa wamelala chini ya pengo hilo ni watoto wa watu.