Siwatu na Kinu cha Zimwi

Sogeeni, niazimeni masikio. Zimwi lilikalia kisima cha kijiji, likasema, "Atakayenishinda kutwanga mtama, nitamwachia maji. Akishindwa, nammeza."

Wanaume watatu wasiowahi kushika mchi wakajitosa, mmoja baada ya mwingine. Kila walipochungulia kinu cha zimwi, unga wao uligeuka mtama tena. Wakamezwa.

"Siwatu, fundi wa kutwanga ni wewe. Mbona umekaa?" shangazi yake akauliza.

"Nilikuwa natazama, shangazi. Sasa naenda."

Akatwanga, macho kwenye kinu chake tu.

"Hutaki kunishinda?" zimwi likanguruma.

"Nataka unga."

Zimwi likachungulia kinu cha Siwatu. Unga wake lenyewe ukageuka mtama. Likawatapika wale wanaume, likatokomea.

Ngano yangu imekwisha. Wale watatu bado wanabishana nani alikuwa wa pili nyuma ya Siwatu.