Nani Awe Somo wa Mtoto wa Sikudhani?

Sogeeni, wenye masikio mawili. Mwenye moja aazime la jirani, maana kesi hii imewashinda watu wazima na ndevu zao.

Palikuwa na ndugu watatu bondeni, wenye pikapu moja na vipaji vitatu. Kibwana, mkubwa, alikuwa fundi wa chuma: mpe injini iliyokufa na spana mbili, ataifufua. Shedafa, wa kati, alisomea mjini. Yeye hagusi hata boliti, anachomeka waya, anaizungumzisha kompyuta ya gari, nayo inamtobolea siri zote. Hoza, mdogo, alikuwa dereva, na sikio lake liliisikia injini kama mama anavyosikia kikohozi cha mwanawe.

Kibwana na Shedafa walikuwa hawasemezani tangu Ramadhani, kisa sahani ya futari. Hayo tuyaache, ingawa ni matamu.

Basi Ijumaa mchana, mvua inamwaga, Sikudhani, mke wa binamu yao aliyekuwa safarini, akashikwa na uchungu. Mkunga alimpapasa tumbo, akarudia tena. Sikudhani alikuogopa kule kurudia kuliko maumivu.

"Mtoto kakingama tumboni," mkunga akasema mwishowe. "Apasuliwe kabla ya magharibi, la sivyo tutazika wawili."

Hospitali iko juu mlimani. Wakampakia kiti cha nyuma, ndugu wote watatu wakapanda, Hoza kwenye usukani. Hapo Sikudhani akakumbuka: mwaka jana pikapu hiyohiyo ilishindwa kupanda, ikarudi kinyumenyume na bibi harusi ndani, shela linapepea dirishani.

"Shemeji, leo itapanda?"

"Ondoa shaka, shemeji yangu," Kibwana akajibu. "Jumatatu nimeifunga turbo kubwa, ya kuisukumia injini hewa. Sasa ina mapafu ya ng'ombe."

Kweli ikapanda. Kona ya kwanza, ya pili, ya nne, tope linaruka hadi kwenye paa. Kona ya tano gari likakohoa, likaishiwa nguvu, likasimama. Kushoto, korongo.

"Turbo umefunga," Shedafa akasema, neno lake la kwanza kwa kaka yake kwa miezi miwili. "Na kompyuta uliiambia?"

"Gari ni chuma! Kompyuta itazoea yenyewe."

"Itazoea? Ukiletewa wageni kumi bila taarifa, utapika kibaba kilekile? Kompyuta inajua pumzi za injini ya zamani. Imeona hewa isiyoijua, imeogopa injini isipasuke, ikabana nguvu."

"Nyie wanaume!" Sikudhani akapiga ukelele, kanga meno yake yameitoboa. "Atakayenifikisha ndiye somo wa mwanangu, mtoto atabeba jina lake. Naapa! Sasa fungeni midomo!"

Wote wakanywea. Kule kwao, kiapo cha mwenye uchungu hakirudishwi; kikivunjwa, watu husema mtoto hakui.

Shedafa akafungua laptopu mapajani, akachomeka waya. "Zima injini. Dakika nane, niifundishe kompyuta turbo mpya. Huu waya ukichomoka, kompyuta imekufa, na sisi hatuendi popote." Gari likaanza kuteleza, shibiri moja, shibiri mbili. Hoza akakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Kibwana akaruka topeni, akasukumia mawe chini ya magurudumu. Sikudhani alihesabu uchungu: ulikuwa unakaribiana.

"Washa!"

Injini ikanguruma. Lakini hesabu alizoiandikia kompyuta Shedafa zilikuwa za haraka, na Hoza akasikia chuma kinagonga ndani. "Nikizidisha, inapasuka. Nikilegeza, tunarudi." Akapanda kwa sikio tu, mguu wake kama unakanyaga yai.

Walifika magharibi haijaadhiniwa. Sikudhani akapasuliwa, akatoka mtoto wa kiume, sauti kama honi.

Siku ya saba, siku ya mtoto kunyolewa na kupewa jina, wakaja wale ndugu watatu, kanzu zimepigwa pasi.

"Bila turbo yangu," Kibwana akasema, "mngeishia kona ya kwanza."

"Bila kompyuta yangu," Shedafa akasema, "mngelala kona ya tano."

"Bila sikio langu," Hoza akasema, "injini ingepasuka kona ya sita."

Sikudhani akawatazama mmoja mmoja. Alipokuwa kiti cha nyuma macho yake hayakuwa yamelala. "Hoza, ile plasta kwenye dashibodi inaziba nini?"

Hoza akajikuna. "Taa ya onyo. Iliwaka tangu Jumanne. Nikaiziba nisiwaambie, maana nimechoka na ugomvi wao."

"Na wewe Shedafa, turbo uliijua lini?"

"Jumanne," akanong'ona. "Niliusikia mluzi wake. Nikanyamaza... nilitaka kaka aaibike."

Kibwana akacheka, kisha akakumbuka nani aliyefunga turbo bila kuuliza, akaacha.

Kinyozi ameshika wembe. Mwalimu wa madrasa ameinua mikono, anangoja jina. Mtoto, ambaye hadi sasa anaitwa Mgeni tu, anamtazama mama yake, na kiapo kiko palepale.

Kila mmoja amemwokoa, na kila mmoja nusura amzike. Je, wewe ungekuwa Sikudhani, ungetamka jina la nani?